Chumba Kisicho na Dirisha

Mkaguzi wa jiji alifika Jumanne saa tatu asubuhi, wakati mwenye nyumba yuko kazini na mkewe ana pini nne mdomoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mvua na kopo la rangi nyekundu lililokaribia kuisha. Aliomba kwa adabu kuonyeshwa vyumba, akapima hiki na kile kwa futi, akaandika. Kisha akatoka mbele, akachora X kubwa ukutani kando ya mlango, na chini yake akaandika A2, M1, T4. Rangi ilichuruzika mpaka kwenye ngazi.

"Siku kumi na nne," alisema, akimpa mama mwenye nyumba karatasi. "Soma yote, mama. Mbele na nyuma. Watu hawasomi."

Mama Pazia alitoa pini mdomoni ili aulize swali, lakini buti zilikwisha vuka mfereji na kwenda zao.

Jina la Mama Pazia lilitokana na kazi yake. Nusu ya mtaa ilining'iniza mapazia aliyoshona yeye, na juu ya mlango wake palikuwa na kibao kilichoandikwa MAPAZIA YA KILA AINA. Mumewe walimwita Fundi tu, na huyo ndiye aliyepaka rangi nyumba za nusu nyingine ya mtaa. Ukuta wa nyumba yao wenyewe ulikuwa na miaka sita haujaonja brashi. Mafundi ndivyo walivyo, na mtu akitaka kujua fundi viatu yukoje amtazame mwanawe miguuni.

"Nani huyo alikuwa akinipimia kitanda?" sauti iliuliza kutoka chumba cha uani.

"Watu wa jiji, Mama."

"Wamesemaje?"

"Hawakusema. Wamechora ukutani, wameacha karatasi."

"Nilidhani wangesema kwanza," mama mkwe alijibu, kisha akanyamaza kabisa, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Chumba chake kilijengwa mwaka uliopita, magoti yalipomkatalia kuishi peke yake. Mgongo wa chumba uligusa mpaka wa jirani, mlango ulikuwa pembeni, na upande wa uani ulikuwa umejaa rafu za makopo ya rangi ya Fundi kuanzia chini mpaka juu. Hakikuwa na dirisha. Kwa miezi minane mama alikuwa akiliomba. "Mmeniweka sandukuni kama blanketi la wageni," alikuwa akisema, na nyumba nzima ikicheka, kwa kuwa mama alijulikana kwa maneno. Fundi alikuwa akijibu vilevile kila mara: "Kesho, Mama. Nikishahamisha makopo."

Fundi alirudi mchana kula, akaiona ile X, na chakula kikamshinda.

"Wanabomoa," alisema.

"Bado sijasoma yote. Kuna herufi hapo chini."

"Mke wangu, mimi nimepaka rangi kule bondeni. Zile nyumba kumi na moja zote zilikuwa na X, na tingatinga halikuuliza herufi. Hizo herufi ni kama za kaburini, jina na tarehe." Alitazama upande wa jirani. "Na aliyetushtaki jiji ninamjua. Nani mwingine anaujua ukuta wa nyuma? Anakaa na kile kioo chake jichoni kutwa nzima."

Jirani huyo alikuwa Mzee Saa, mtu mkimya aliyetengeneza saa za mkononi katika kibaraza chake. Katika miaka yote ya ujirani alikuwa amelalamika mara moja tu, na siku hiyo ilikuwa juu ya jogoo wao.

"Usimguse mzee wa watu," Mama Pazia alisema. "Ngoja nipeleke mapazia ya zahanati, nikirudi tutakaa tusome."

Afadhali angemchukua mume waende wote, na baadaye alijilaumu kwa kutofanya hivyo. Maana Fundi alipobaki peke yake na ile X, alifanya jambo ambalo hakuna mwanamume mwingine wa mtaa ule angelifanya. Aliegemeza ngazi ukutani, akakwangua, akapiga msasa, akapaka. Mama Pazia aliporudi saa kumi ukuta wote wa mbele ulikuwa na rangi ya maziwa, koti mbili, moja juu ya nyingine, laini kama yai. Watu walisimama barabarani kuusifu. Kabla ya hapo, kama alivyosimulia mwenyewe kwa majivuno, alikuwa ameinua kichwa juu ya ukuta wa nyuma na kumwambia Mzee Saa: "Barua yako imefika, mzee. Asante kwa ujirani."

"Wakirudi watakuta nyumba safi," alisema. "Mtu wa serikali naye ana macho. Habomoi kitu kizuri."

Mama Pazia alitaka kulia. Badala yake aliketi kwenye ngazi ya mlango, akageuza karatasi na kusoma mgongoni kwake, neno kwa neno: "Kufuta, kufunika au kuharibu alama ya ukaguzi ni kosa linalojitegemea. Nyumba isiyo na alama siku ya ukaguzi wa pili itahesabiwa kuwa imekaidi, na itaingizwa katika orodha ya kubomolewa, kuanzia na sehemu iliyoongezwa."

Sehemu iliyoongezwa ilikuwa moja tu. Wote wawili waliitazama, na kutoka ndani yake wakasikia mama akikohoa.

"Imeandikwa hivyo?" Fundi aliuliza.

"Hivyo hivyo."

"Kwa herufi kubwa?"

"Ndogo. Nyuma."

"Sasa mtu ataijuaje?" alisema, akaweka brashi chini.

Kesho yake Mama Pazia alivaa gauni lake la kupimia wateja wakubwa, akaenda ofisi ya jiji. Fundi alisema ana kazi. Hakuwa na kazi, alikuwa na hofu, na mkewe hakumbana.

Foleni ilikuwa ndefu, na karani alikuwa mtu wa kuongea bila kuinua macho. "Mwenye nyumba yuko wapi? Hapa tunaongea na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba anawaogopa. Nimekuja mimi."

Foleni nzima ilicheka. Uso ulimwaka, lakini hakuondoka dirishani. Njia nzima alikuwa amejiapiza kuwa hatoki pale bila kuelewa, hata kama itambidi alale benchini.

"Nieleze kama mtoto wa darasa la kwanza," alisema. "Sina haraka."

Karani aliinua macho. Huenda hakuna aliyewahi kumwomba hivyo, maana alisogeza kiti na kugeuza daftari ili Mama Pazia aone.

"Kwanza, X peke yake si ya kubomoa. Inasema tumekagua na kuna kasoro. Ya kubomoa inazungushiwa duara. Yako ilikuwa na duara?"

"Haikuwa nalo."

"Basi ulikuwa salama. Sasa herufi. A ni afya na usalama: waya zilizo wazi, choo karibu na kisima, mtu kulala pasipo na hewa. A2 ni chumba cha kulala kisicho na dirisha. Dawa yake ni kutoboa dirisha. Hatutaki senti yako, tunataka tundu. M ni mipaka. M1 ni ukuta uliogusa mpaka wa jirani bila ridhaa yake. Jirani akikubali kwa maandishi, na ukuta huo usipokuwa na tundu lolote upande wake, imekwisha. Kwa hiyo dirisha lako usilielekeze kwake, utakuwa umeponya moja na kuzaa jingine. T ni matumizi. T4 ni biashara ndani ya nyumba ya kuishi bila kibali."

"Biashara gani?"

Karani alisoma. "Mapazia ya kila aina."

Njia nzima Mama Pazia alikuwa amemlaumu mumewe, chumba chake na makopo yake, na kumbe kosa moja kati ya matatu lilikuwa lake, tena limening'inizwa juu ya mlango kwa herufi kubwa za njano.

"Kibali kinatoka dirisha la pili," karani alisema, kwa upole kidogo. "Fomu moja, ada kidogo, siku tatu."

Mambo yalianza kumkaa kichwani kama vitambaa vinavyopangwa mezani: hiki cha kukata, hiki cha kuombea ruhusa, hiki cha kulipia. Mpaka hapo hofu ilikuwa imemtoka. Ndipo akamwaga mtama mwenyewe, akasema kuhusu rangi ya maziwa.

Karani alivua miwani. "Amefuta?"

"Koti mbili."

"Mama, yale matatu yote yana dawa. Hili la nne halina hata herufi. Huu unaitwa ukaidi. Mkaguzi akikuta ukuta mtupu, ninachora duara mwenyewe."

"Basi mje mrudishe alama."

"Rangi imeisha. Mpaka mwezi ujao."

"Na siku zangu kumi na nne?"

"Hizo zinaendelea."

Alilisema bila kucheka, na Mama Pazia naye hakucheka, ingawa aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni aliguna. "Mume wangu ni fundi rangi," alisema. "Nipe vipimo. Atairudisha yeye."

Karani aliondoka, akakaa nusu saa huko ndani, akarudi na picha ya ukuta iliyopigwa siku ya ukaguzi. "Mkubwa amekubali. Kila mkono sentimita sitini, upana wa brashi ya inchi tatu, na herufi zote. Mkilipa faini ndogo na mkaguzi akaikuta, ukaidi tutausahau."

Alipokuwa akinakili vipimo, Mama Pazia aliuliza kama mtu asiyejali: "Na aliyetushtaki?"

"Jina ni siri. Lakini hatukujitungia, usije ukadhani." Karani alifungua jalada, akasoma kwa sauti maneno ya simu iliyopokewa mwezi uliopita. "'Chumba hakina dirisha hata la kupitisha mkono. Mtu amewekwa humo kama blanketi la wageni sandukuni. Naomba mje mseme nao, wanaiheshimu sana serikali.'" Alitabasamu. "Huyu anajua kusema."

Mama Pazia alikunja karatasi yake mara nne bila kujua anakunja nini. Aliona aibu kuliko ile ya kuchekwa na foleni, maana hii hakuna aliyemtia. Alikuwa nayo mwenyewe miezi minane.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, mlango wazi, miguu ikielekea kwenye mwanga mdogo uliopo. Chumba kilinuka rangi na joto. Mama Pazia aliketi kando yake, na kwa mara ya kwanza alikaa humo muda mrefu kuliko wa kuweka sahani.

"Mama, mwezi uliopita ulimpigia nani simu?"

Bibi alilitazama sanduku lake la bati. "Nilimwomba mwanangu nikachoka. Nikasema labda akiambiwa na mtu mwenye buti."

"Wangeweza kubomoa, Mama."

"Mimi nilitaka dirisha. Sikujua wanatembea na rangi." Alishika pindo la kanga yake, akaliachia. "Umekuja kunigombeza?"

"Hapana. Lakini mbona hukuniambia mimi?"

"Wewe?" Alimtazama mkwewe bila hasira. "Wewe ninakusikia kila siku hapo nje ukipima madirisha ya watu. Nilidhani unajua dirisha ni kitu gani."

Maneno yale yalimwingia Mama Pazia, akayaacha yaingie. Kisha alisema, "Sitamwambia mwanao. Hilo ni lako la kusema."

"Nitalisema," bibi alijibu, "nikishapata hewa ya kusemea."

Jambo la kwanza lilikuwa ridhaa ya jirani, na Fundi alikwenda shingo upande.

"Niende kumpigia magoti mtu aliyenichongea?"

"Si yeye."

"Nani kakwambia?"

"Nakwambia mimi. Vaa shati."

Mzee Saa alikuwa na saa ya mtu imefunguliwa mbele yake, kioo jichoni. Hakuwakaribisha wala hakuwafukuza. Aliwaacha wasimame mpaka alipofunga kifuniko, akasikiliza saa ikitembea, akaiweka ndani ya bahasha na kuiandika jina. Fundi alisimama na kofia mkononi, yeye ambaye juzi alipiga kelele juu ya ukuta, na mkewe hakumsaidia hata kwa neno moja. Alitaka alimalize mwenyewe.

"Mzee, tunaomba saini yako. Ule ukuta wa nyuma."

"Unagusa mpaka wangu," Mzee Saa alisema.

"Najua."

"Nami nilijua, siku ya tofali la kwanza. Nikauliza, ni cha kupangisha? Mafundi wakasema ni cha mama yake. Nikarudi kwenye saa zangu." Alivuta karatasi, akaisoma yote, mbele na nyuma. "Dirisha litaelekea wapi?"

"Uani kwetu."

"Vizuri. Likielekea kwangu, mama yako atanisikia nikikohoa, na mimi nitamsikia akinisema." Akatia saini, polepole, kama mtu anayerudisha skrubu ndogo mahali pake.

Fundi alishukuru kwa sauti ya chini, ila njiani alisema, "Anajifanya mwema. Dhamiri inamsuta." Mama Pazia aliuma ulimi.

Siku zilizofuata nyumba haikutulia. Fundi aliyahamisha makopo, na kazi aliyoiita ya kesho kwa miezi minane ilimchukua asubuhi moja. Alitoboa ukuta kwa tindo na nyundo, akaweka fremu na nondo, akalipa faini, akapita kwa seremala kuchukua mbao za dirisha. Kibali cha mapazia kilitoka siku ya tatu kama ilivyoahidiwa. Bibi alihamishiwa sebuleni wakati wa vumbi, akaisimamia kazi kwa mdomo.

Mwisho ikabaki X. Mama Pazia aliikata kwenye karatasi ya kukatia nguo, kwa vipimo vya ofisi, wakaibandika ukutani, na Fundi akafuatisha kwa penseli. Waliokuja kuusifu ukuta walirudi kuucheka. "Fundi, siku hizi unajichorea mwenyewe?" Naye alikuwa amefika mahali pa kutojali. "Ukitaka na wewe nikuchoree, bei moja," alijibu, na hakuinua brashi mpaka ukingo ulipokaa sawa.

Mkaguzi alirudi siku ya kumi na nne. Buti zilezile. Mzee Saa aliitwa athibitishe saini yake, akaja na kiti chake cha kukunja. Mkaguzi alisimama mbele ya ile X kwa muda.

"Nani amepiga hii?"

"Mimi," Fundi alisema.

"Zetu huwa zinachuruzika." Aliandika. Wakazunguka naye uani, akapima dirisha, akapitisha mkono nje na ndani, akagusa ukuta wa nyuma, akasoma kibali. Akapiga mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Mama Pazia alihesabu kila mstari, na wa tatu ulipopita akaegemea mlango wa uani. Chumba kilikuwa kimebaki.

"Imebaki sehemu moja," mkaguzi alisema. "Mlalamikaji atie saini kwamba ameridhika. Hilo si lenu, nitamtafuta mwenyewe. Jina lake ni siri."

Fundi alikuwa ameshinda, na mtu aliyeshinda hujisahau. "Usipate taabu ya kumtafuta," alisema, macho yake kwa Mzee Saa. "Huyo hapo amekuja na kiti."

Mzee Saa alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Lete hiyo kalamu huku."

Sauti ilitoka dirishani. Bibi alikuwa amesimama nyuma ya nondo, ameshika fremu mpya kwa mkono mmoja, mwanga wote usoni.

"Mama, hii haikuhusu," Fundi alisema.

"Inanihusu. Nilipiga simu mwenyewe, kwa salio langu." Alinyoosha mkono nje. "Miezi minane, mwanangu. Ungekuwa umenisikia, huyu dada asingelowanisha buti zake."

Mkaguzi alimpelekea karatasi, naye akatia saini juu ya kizingiti cha dirisha, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Fundi alimtazama mkewe, akaona kwamba alijua. Alimtazama Mzee Saa, akashindwa kumtazama sawasawa. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na minane, na alitamani ardhi immeze.

"Mzee," alisema. "Mimi nilikutukana bure. Nisamehe."

Mzee Saa alirudisha miwani machoni. "Ukuta wangu wa mbele nao ni wa siku nyingi," alisema. "Ile rangi ya maziwa si mbaya."

"Nitakupakia. Kesho asubuhi na mapema."

"Isije ikawa kesho ile yangu," mama alisema dirishani.

Mkaguzi aligeuka upande ili acheke. Fundi alichukua ngazi begani na kopo la rangi mkononi, akavuka kwenda kwa jirani wakati huohuo, na Mzee Saa akamfuata nyuma na kiti chake.

"Hii sasa mnaweza kuifuta," mkaguzi alimwambia Mama Pazia, akionyesha upande wa ile X. "Kihalali."

Jioni Mama Pazia aliingia chumbani na kitambaa mikononi. Alikuwa amekishona kwa siku tatu bila kumwambia mtu, cha kijani, chenye pindo mara mbili na pete za shaba alizokuwa amemwekea mteja wa hotelini. Hakuwahi kushona pazia zuri kuliko lile. Bibi alilipapasa, akausifu mshono, akauliza bei yake dukani, akatikisa kichwa.

"Zuri sana, mwanangu. Lakini ndiyo kwanza naona uani. Unataka kuufunika?"

Alikuwa amevuta kiti karibu na dirisha. Kutoka hapo aliona mlango wa uani, kamba ya nguo, na, akibana shavu kwenye nondo, mwanawe juu ya ngazi huko ng'ambo akimalizia ukuta wa watu. Tayari alikuwa amekwisha mwambia mara mbili kwamba ameruka sehemu.

Mama Pazia alilikunja pazia vizuri, akafungua sanduku la bati, na kuliweka humo, juu ya blanketi la wageni.